Raketi Yangu Inalala Dukani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, mkazi wa Mwanza upande wa Ilemela, na riziki yangu naipata kwa kuuza vitenge katika duka dogo maeneo ya Makoroboi. Nimeolewa na tumejaliwa watoto watatu; wawili wako bweni na wa mwisho yuko darasa la sita. Mume wangu ni mtumishi katika ofisi moja hapa mjini, ni mtu mpole na anayeijali familia yake, na nayasema haya mapema ili usije ukadhani kwamba nimekuja kwako kumsema vibaya.

Kwa miaka mingi mume wangu amekuwa akicheza tenisi kila Jumamosi katika klabu moja. Huondoka saa tisa alasiri na kurudi usiku, akiwa amekwisha kula sato wa kuchoma na wenzake, na Jumapili mimi hufua zile nguo zake nyeupe zilizoingia vumbi. Mwaka juzi, katika sherehe yao ya kufunga mwaka, alinichukua niende naye. Sisi wake tulikaa chini ya mwembe tukinywa soda na kuzungumza habari za ada za shule na bei za vitu, lakini macho yangu hayakutoka uwanjani. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mwenye mvi kichwa kizima, aliyekuwa akicheza wawili wawili pamoja na wanaume. Hakuwa akikimbia. Aliupeleka mpira pale ambapo hapakuwa na mtu, kisha akasimama kuwatazama vijana wakiukimbilia, na mimi nikajikuta nacheka peke yangu mpaka aliyekaa karibu nami akaniuliza kulikoni.

Tulipokuwa ndani ya gari tukirudi nyumbani, nilimwambia mume wangu kwamba ningependa kujifunza. Alicheka, ingawa si kwa dharau, halafu akasema: “Mama watoto, pale ndipo ninapopumzikia.” Alinikatalia hivyo, na mimi sikuligusa tena jambo hilo.

Mwaka jana alikuja dukani kijana mmoja kumnunulia mama yake kitenge, akiwa na mfuko wa raketi begani. Katika mazungumzo akanieleza kwamba alianza utotoni kama muokota mipira katika klabu, akajifunza kwa kutazama na kwa kupiga ukutani, na sasa anafundisha watoto katika uwanja wa saruji wa shule moja. Nikamuuliza kwa utani kama anafundisha na wazee. Akanijibu kwa adabu kwamba mama yeyote anayeweza kusimama dukani kutwa nzima anaweza kujifunza tenisi. Tangu vuli ile, kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na nusu jioni, namwachia duka binti wa dada yangu, napanda bodaboda, nakwenda.

Shangazi, mwanzo ulikuwa mgumu. Nilipiga hewa huku mpira umekwisha kupita. Nilipoupata, uliruka uzio na kuangukia kwenye yale mawe makubwa nyuma ya shule, kwa pimbi, na mipira mingine imo katika nyufa za mawe yale hadi leo. Watoto wa miaka tisa, ambao hucheza upande wa pili wa uwanja, walinicheka mpaka kocha akawakemea. Lakini siku mpira ulipogonga katikati kabisa ya nyuzi, ukatoa ule mlio wake mkavu na mkono wangu usitetemeke hata kidogo, nilirudi dukani nikiwa kama mtu aliyelipwa deni alilolisahau. Sasa naweza kurudishiana mpira na kocha kwa muda mrefu bila kukosea. Kinachonishinda ni kuanzisha: naurusha mpira juu, upepo wa ziwa unauhamisha, nami nausaka kama mtu anayefukuza nzi.

Nyumbani hakuna anayejua. Raketi yangu inalala dukani, nyuma ya marobota ya vitenge, imefungwa katika kanga pamoja na raba zangu. Mume wangu hajawahi kuniuliza chochote, na mimi sijasema chochote. Ni mwanangu mdogo tu aliyeniuliza malengelenge ya kiganjani yametoka wapi, nikamwambia ni mkasi.

Sasa mambo yamenikaba. Klabu ya mume wangu inaandaa siku ya familia, na kutakuwa na mchezo wa wawili wawili, mwanamume na mwanamke, ambapo wanachama wanaruhusiwa kucheza na wake zao au ndugu zao. Kocha, ambaye anafahamika pale, anasema naweza, na ananihimiza nijaze fomu. Wiki hiyo hiyo mke wa rafiki wa mume wangu alinipita nikiwa juu ya bodaboda na raketi mkononi. Alinipungia mkono, akageuka mara ya pili kunitazama. Juu ya hayo, kiwiko changu cha kulia kimeanza kuuma upande wa nje, hasa ninapokamua nguo au ninapoinua robota. Ningependa kwenda hospitali, lakini bima yetu imepitia kazini kwa mume wangu na kadi zote anazitunza yeye katika bahasha moja, kwa hiyo siwezi kuichukua bila kuulizwa naumwa nini.

Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye peke yake niliyemweleza, anasema mwanamke anayejifunza mchezo wa mume wake anatafuta kumchunga, na kwamba umri huu ni wa kujiandaa kupokea wakwe, wala si wa kurukaruka na sketi. Jirani yangu wa dukani anasema nijaze fomu kimya kimya, nitokee siku hiyo na raketi yangu, na mume wangu atajivuna mbele ya watu wote. Je, niache, niseme, au nimshtukize?

Mama wa Vitenge, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nilipoisoma niliona mambo matatu yaliyofungwa katika robota moja: kuna mchezo ulioupenda, kuna ukimya uliouweka nyumbani, na kuna siku ya klabu inayokaribia na kukuharakisha. Umeniuliza swali moja la njia tatu, lakini mimi naona kila jambo lina swali lake, na jibu linaloweza kufaa kwa moja huenda likaharibu jingine. Niruhusu niyafungue moja moja, hata kama mengine nitayapitia haraka.

Nianze na lile neno la ndani ya gari. Umeandika kwamba mumeo alikukatalia. Nimelitafuta katazo hilo katika barua yako, na nililolipata ni sentensi moja tu, kwamba pale ndipo anapopumzikia. Inawezekana kabisa kwamba ilikuwa njia ya upole ya kusema hapana. Wewe ulikuwepo, ulisikia sauti yake, mimi sikuwepo, na siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini inawezekana pia kwamba alikuwa akikueleza habari zake mwenyewe na wala si zako. Mtu ambaye wiki nzima anaitwa bosi, baba, mjomba na mfadhili wa kila mchango wa harusi, huenda amepata mahali pamoja tu ambapo anaitwa kwa jina lake na kuambiwa kwamba mpira wake umetoka nje. Huenda aliogopa kwamba ukiwa pale atalazimika kukulinda, au kukufundisha, au kuwahi kurudi. Huenda aliona haya kwamba utagundua yeye si mchezaji mzuri kama anavyosimulia nyumbani, maana hilo nalo lipo, na wanaume hawalisemi. Sijui ni lipi kati ya haya. Ninachokiona ni kwamba wewe pia hujui, kwa sababu hukumuuliza, na kwamba kwa muda wote huu umekuwa ukiishi na jibu ambalo pengine mwenyewe hakumbuki kwamba alilitoa.

Sasa nikuombe ufanye jambo moja kabla hujafikiria fomu wala kadi ya bima. Fikiri ni Alhamisi, saa kumi na moja, uko kwenye ule uwanja wa shule, umevaa raba zako, umejipatia mapigo kadhaa mazuri mfululizo, na ghafla unamwona mumeo amesimama kwenye uzio anakutazama. Je, moyo wako unafurahi au unasinyaa? Usinijibu haraka, na usijilazimishe kupata jibu lililo la heshima. Ukiona unafurahi, basi huenda kinachokuuma ni kutokuwa naye katika jambo analolipenda, na hapo njia yako inaelekea kwenye mazungumzo naye. Ukiona unasinyaa, basi umekwisha kupata nawe mahali pako pa kupumzikia, ambapo hakuna anayekuita mama watoto, na ni wewe kuliko mtu mwingine yeyote unayeweza kuelewa alichokuwa akisema ndani ya gari. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtu mmoja, jioni moja. Lakini ni vyema ujue ni lipi zaidi, kwa kuwa mtu anayetaka kucheza na mumewe na mtu anayetaka kuwa na Alhamisi yake hawaombi kitu kimoja, na wakikosea kuomba hupewa wasichokitaka.

Kuhusu dada yako, nina maneno machache tu. Wasiwasi wake wa wakwe na sketi unaweza kuupima wewe mwenyewe. Uwanjani watu wazima wengi huvaa suruali au sketi ndefu ya michezo na hakuna kanuni ya tenisi inayomtaka mama aonyeshe magoti. Lile la kumchunga mume ni zito kidogo, si kwa sababu nadhani ni kweli, bali kwa sababu ndilo atakalolisema mtu yeyote asiyekutakia mema siku habari zitakapotoka, na ni bora uwe umekwisha kulifikiria.

Kuhusu umri, wapo ambao wangekutajia Martina Navratilova, aliyetwaa ubingwa wa wawili wawili mchanganyiko katika mashindano ya US Open mwaka 2006 akikaribia kutimiza miaka 50. Mimi sikutajii mfano huo ili kukutia moyo, kwa kuwa yule alishika raketi tangu utotoni na wewe umeishika juzi. Mwili wake ulikuwa ukikumbuka, wako unajifunza. Kinachokuhusu zaidi ni wale watoto wa miaka tisa waliokucheka. Umewaona wakicheza vizuri ukadhani ni kwa sababu ya udogo wao, lakini hebu tazama wanacheza na nini. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi limeweka mipira ya wanaoanza kwa hatua: mwekundu huenda polepole kwa asilimia 75 kuliko mpira wa kawaida, wa rangi ya machungwa kwa asilimia 50, na wenye alama ya kijani kwa asilimia 25, na wale wa mpira mwekundu huchezea kiwanja cha urefu wa mita 11 hivi. Wewe mwanangu ukaingizwa moja kwa moja kwenye uwanja kamili wa mita 23.77 na mpira wa kawaida, halafu ukastaajabu kwamba unapiga hewa. Mpira wa kijani haukutengenezwa kwa ajili ya watoto peke yao. Mtu mzima anayeanza anaweza kuutumia bila aibu, na kama kocha wako anao, mwombe.  

Sasa nije kwenye siku ya familia, maana naona ndiyo inayokunyima usingizi. Jirani yako wa dukani amekuchorea picha nzuri: wewe unatokea na raketi, watu wanapiga makofi, mumeo anajivuna. Sisemi kwamba haiwezi kuwa hivyo. Wapo wanaume ambao wangelia kwa furaha, na wewe umelala naye nyumba moja kwa miaka mingi, unamjua kuliko mimi na jirani yako. Lakini itazame picha hiyo kutoka upande aliosimama yeye. Yuko mahali pake pa kupumzikia, mbele ya watu anaowaheshimu, na kwa dakika moja anagundua kwamba mkewe amejifunza mchezo, amelipa kocha, ametoka dukani mara mbili kila wiki, na kwamba kila mtu aliyeshika orodha ya fomu alijua kabla yake. Hata akiwa na furaha, hatakuwa na nafasi ya kuwa na kitu kingine chochote. Hawezi kuuliza, hawezi kuumia, hawezi hata kushangaa kwa utulivu wake, kwa sababu watu wanamtazama. Huenda akatabasamu kutwa nzima na wewe usijue alichokificha chini ya tabasamu hilo.

Kuna pia upande wa mchezo wenyewe, ambao nadhani kocha wako, kwa ujana na kwa kukutakia mema, ameupitia haraka. Katika mchezo wa wawili wawili uwanja hupanuliwa, kutoka mita 8.23 hadi mita 10.97, na wapinzani wenye uzoefu humpelekea mpira yule aliye dhaifu, mara kwa mara, bila ubaya wowote, kwa sababu ndiyo akili ya mchezo. Mtu aliyezoea kurudishiana na kocha anayempelekea mpira mzuri kiunoni anaweza kukuta kwamba hapati hata mpira mmoja wa namna hiyo. Mwenzake naye huanza kuvuka upande ili kumsaidia, na hapo ndipo wanandoa wengi waliopendana asubuhi hurudi nyumbani bila kusemezana. Kama utaamua kuingia, na kwa vyovyote vile mnavyoelewana na mumeo, zungumzeni kabla ni nani anachukua mpira wa katikati.

Kuhusu kuanzisha, usijitese. Katika wawili wawili wachezaji wote wanne huanzisha kwa zamu, kila mmoja gemu nzima, yaani mfululizo mmoja wa pointi, kwa hiyo zamu yako hufika gemu moja katika kila gemu nne. Zaidi ya hayo, kanuni zinakuruhusu kuupiga mpira wa kwanza kwa mkono wa chini, chini ya kiuno, ilimradi uupige kabla haujagusa ardhi na uangukie katika kisanduku chake, yaani kile kilichochorwa mshazari upande wa pili wa wavu. Wapo watakaocheka, kwa kuwa wanadhani ni hila ya kitoto. Lakini kwa mtu anayeanza, jioni ambayo upepo unavuma kutoka ziwani, mpira uliorushwa chini ya kiuno hauna mahali pa kuhamishwa, na pointi huhesabiwa vilevile.

Njia nyingine ni kumweleza mumeo nyumbani, kabla ya siku hiyo. Hiyo nayo ina hatari zake, na nisingependa uiingie ukidhani ni barabara ya lami. Anaweza kucheka tena. Anaweza kuuliza kwa nini ulimficha, na swali hilo litakuwa zito kuliko la tenisi. Anaweza kuuliza kocha ni nani, ana umri gani, na mko wangapi uwanjani, na ingawa majibu yako ni safi, utafanya vizuri kuwa nayo tayari badala ya kuyatafuta kwa hasira. Hata kumpeleka mtoto wako mdogo siku moja kutazama mazoezi kunaweza kujibu zaidi ya maneno, ijapokuwa hapo utakuwa na kazi ya kumweleza kuhusu ule mkasi. Na kuna hatari moja ambayo huenda hujaiwaza: anaweza kufurahi mno, akasema achana na huyo kijana, mimi mwenyewe nitakufundisha. Itasikika kama baraka. Lakini mume anayejua kucheza si lazima awe anajua kufundisha. Atakupelekea mpira kwa kasi aliyoizoea, atakukosoa kwa sauti ambayo kocha hawezi kuitumia kwa mama wa umri wako, na Alhamisi yako itakuwa imekwisha kwa mkono wa mtu aliyekuwa akikusaidia. Ukiona unataka kubaki na kocha, lijue hilo kabla ya mazungumzo, na umwambie kwa shukrani.

Umeona kwamba nimeyatenga mambo mawili: kumwambia na kucheza naye. Mtu anaweza kumwambia mumewe kila kitu na bado asikanyage klabu yake. Jumamosi inaweza kubaki ya kwake na Alhamisi ikabaki ya kwako, nyumba moja yenye raketi mbili, na siku mkitaka mnarudishiana mpira kwenye ule uwanja wa shule ambako hakuna rafiki yake hata mmoja. Inawezekana hata ukapata wanawake wenzako wawili watatu wa kugawana nao gharama za kocha, na mkawa na wawili wawili yenu. Sijui kama hilo lingekutosha, au kama kila Jumapili, ukikamua zile nguo nyeupe, ungeendelea kujiuliza kwa nini humo ndani yake hukaribishwi.

Kuendelea kimya ni njia pia, na usiidharau kwa sababu tu si ya kishujaa. Imekupa msimu mzima wa furaha. Hatari yake ni yule mama aliyegeuka kukutazama mara ya pili. Habari ikitoka kwake kwenda kwa mumewe, na kwa mumewe kwenda klabuni, itamfikia mumeo ikiwa imeongezwa chumvi njiani, na itamkuta mahali pale pale ambapo yeye huenda kupumzika. Na kuacha kabisa, ambako umekutaja kwanza katika swali lako, ndiko nisikokusikia katika barua yenyewe. Mtu anayetaka kuacha hasimulii mlio wa nyuzi.

Nimalizie na kiwiko, ambacho umekitaja mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, yanayozidi mtu anapokamua au kuinua kitu, mara nyingi hutokana na kano za misuli inayoinua kiganja kuchoshwa kwa kazi inayojirudia. Watu wanayaita kiwiko cha tenisi, ingawa wengi wanaougua hawajawahi kushika raketi; mafundi, wafuaji nguo na wakata vitambaa wanayajua vizuri. Wewe una mkasi kutwa, una nguo za kukamua, una marobota ya kuinua, na sasa una raketi, yote kwa mkono uleule. Kocha akikuambia ni kawaida kwa wanaoanza, kweli ni jambo linalotokea, lakini halimaanishi kwamba liachwe liendelee. Pumzisha mkono kwanza. Mwombe aitazame raketi yako, kama mshikio wake ni mnene au mwembamba mno kwa kiganja chako na kama nyuzi zimekazwa kupita kiasi, na atazame pia kama unapopiga mpira wa mkono wa nyuma, yaani mgongo wa kiganja ukitangulia, unatumia kifundo cha mkono badala ya bega. Kagueni na mipira. Mpira mzima ukiachiwa kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu hurudi juu kati ya sentimita 135 na 147. Wewe uachie tu kutoka usawa wa kichwa chako, na usiporudi hadi karibu na kiuno, umechoka, na unauomba mkono wako ufanye kazi ambayo ulipaswa kuifanya wenyewe. Makocha wengi wanaojitegemea hufundishia mipira iliyotupwa na klabu, na siwalaumu, kwa kuwa mipya ni ghali.

Hayo yote, hata hivyo, hayachukui nafasi ya kuonwa na daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Atakuuliza mkono huo unafanya kazi gani kutwa nzima, na atahitaji jibu kamili ili akupe mazoezi yanayofaa na akueleze upumzike kwa muda gani, maana kupona kwake huweza kuchukua wiki nyingi, na pengine miezi. Kama atakuambia uiweke raketi chini mpaka siku ya familia ipite, basi suala la fomu litakuwa limejibiwa bila wewe wala mimi. Kwa hiyo, kati ya yote uliyoniuliza, hili ndilo lisilosubiri uamuzi mwingine wowote: unahitaji kadi iliyo ndani ya ile bahasha. Mumeo akikuuliza unaumwa nini, utakuwa umepata swali ambalo hajawahi kukuuliza, na utaona mwenyewe wakati huo ni kiasi gani cha jibu uko tayari kumpa. Ukishaonwa, niandikie tena unieleze daktari amesemaje, na mumeo amesemaje.

Shangazi yako